Maziwa ya Nyayo: zawadi haidaiwi



Daniel arap Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, mhariri wangu alinipa kazi ambayo kila mwandishi kijana wa Nairobi anaijua: kaa kwenye kompyuta, pitia mitandao, kusanya wananchi wanasema nini. Nilitarajia makundi mawili. Wale wa kumlilia, na wale wa kukumbusha dunia habari za vyumba vya mateso chini ya jengo la Nyayo House. Wote walikuwepo, tena kwa kelele. Lakini likajitokeza kundi la tatu ambalo sikulitarajia, na lilikuwa kubwa. Watu wa umri wa mama yangu na wajomba zangu, ambao kwa kawaida hawakosi la kusema kuhusu siasa, siku hiyo walikuwa wanazungumzia paketi ya maziwa yenye pembe tatu. Jinsi ulivyoing'ata kona kwa meno. Jinsi ulivyoipuliza ikijaa hewa, ukaiweka chini na kuikanyaga ili ilie kama bunduki, na mwalimu akageuka na kiboko mkononi.

Neno ni lile lile, Nyayo. Watu wawili wa rika moja, mmoja akilisikia anakumbuka sela iliyojazwa maji, mwingine anakumbuka maziwa. Na wote wawili wanasema kweli.

Mimi sikuyanywa. Nilipoanza darasa la kwanza yalikuwa yameshageuka hadithi ya wakubwa, kama zile za basi la shilingi mbili. Ndiyo maana swali langu halikuwa kama yalikuwa matamu. Nilitaka kujua yalitoka wapi, yalimsaidia nani, na zaidi ya yote, ilikuwaje kitu kilichokuwa kikinywewa na mamilioni ya watoto kikatoweka bila hata maandamano ya watu kumi. Nimekuwa nikilichimba jambo hili kwa vipindi tangu wakati huo.

Kwa wasomaji ambao si Wakenya, au mliozaliwa juzi, hadithi yenyewe kwa kifupi ni hii. Moi alishika urais Agosti 1978 baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta. Alisema atafuata nyayo za mtangulizi wake, na neno hilo likawa jina la kila kitu: falsafa, majengo, hospitali, mabasi, uwanja wa michezo. Mwaka 1979 serikali yake ikatangaza kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure. Kila mtoto mililita 200, mara mbili kwa wiki. Maziwa yalitengenezwa na KCC, chama kikuu cha ushirika wa maziwa, na kusafirishwa hadi shuleni kwa malori.

Wengi wetu tunadhani wazo hili lilizaliwa Ikulu. Halikuzaliwa huko. Ni la zamani zaidi, na kipande kimoja cha asili yake, amini usiamini, kiko hapa hapa Kenya miaka ya 1920.

Wakati huo alikuwepo Mskoti mmoja aitwaye John Boyd Orr, mkuu wa taasisi ya utafiti wa lishe kule Aberdeen. Taasisi yake ilianzia kwa mifugo, si kwa watu: ng'ombe ale nini ili anenepe. Orr akaanza kujiuliza maswali yale yale kuhusu binadamu. Akishirikiana na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika koloni la Kenya, alifanya uchunguzi wa kulinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Ripoti yao ilitoka 1931. Mwanamume wa Kimaasai, walisema, alikuwa mrefu kuliko wa Kikuyu kwa inchi 5, yaani karibu sentimita 13, na mzito zaidi kwa ratili 23, zaidi ya kilo 10. Sababu? Mmaasai anakunywa maziwa, anakula nyama na damu. Mkikuyu anakula nafaka na mizizi.

Ukiisoma leo, ripoti hiyo inakera. Wakikuyu waliopimwa walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi za Waafrika baada ya ardhi kuchukuliwa, wanaume wanafukuzwa na kodi ya kichwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kisha anakuja daktari na mizani anawaambia shida yao ni kwamba wanapenda sana viazi. Tena data zao wenyewe zilionyesha kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani zaidi ya waume zao, jambo ambalo lingefaa kuwafanya wafikiri mara mbili kabla ya kusema "chakula cha kabila". Lakini hata kipimo kibovu kinaweza kuacha wazo linalodumu. Wazo lilikuwa kwamba kimo cha mtu si damu tu bali ni sahani pia, na kwamba maziwa yana kitu ambacho nafaka haina.

Miaka hiyo hiyo Orr alikuwa anapima watoto wa shule nyumbani kwao, katika miji ya Scotland na Belfast. Wengine walipewa maziwa halisi, wengine maziwa yaliyoondolewa mafuta, wengine biskuti zenye nguvu sawa na hayo maziwa, na wengine hawakupewa kitu. Wa maziwa waliongezeka kimo kwa karibu asilimia 20 kuliko wenzao, hata wale wa maziwa yaliyotolewa mafuta. Kwa hiyo haikuwa kushiba tu. Biskuti nazo zinashibisha.

Hapa kuna kisa kidogo nakipenda, nivumilieni. Mwaka 1930 walirudia jambo hilo kwa ukubwa zaidi katika wilaya ya Lanarkshire, watoto 20,000, nusu maziwa na nusu bila. Matokeo yakapigiwa debe. Ndipo mtaalamu mmoja wa takwimu, William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness (ndiyo, bia), akatazama hesabu na kugundua kasoro. Watoto ambao hawakupewa maziwa walikuwa warefu na wazito zaidi tangu mwanzo. Iliwezekanaje? Walimu waliruhusiwa kurekebisha makundi kidogo, nao kwa huruma wakawasogeza watoto wa maskini upande wa maziwa. Wakauharibu utafiti kwa wema. Shikeni kisa hicho, tutakirudia.

Mwaka 1934 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maziwa, na watoto wa shule wakaanza kupata theluthi ya painti kwa nusu penny, nusu ya bei ya kawaida. Aliyesimamia kilimo serikalini alikuwa Walter Elliot, rafiki wa Orr na mwanafunzi wa lishe yeye mwenyewe. Lakini tusijidanganye kwamba ni upendo kwa watoto peke yake. Ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi, wafugaji walikuwa na maziwa yasiyo na mnunuzi, na serikali ilitafuta mahali pa kuyamwaga. Tumbo la mtoto likapatikana. Baada ya vita, mwaka 1946, yakawa ya bure kwa wote, hadi Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu, alipoyaondoa 1971 kwa watoto waliozidi miaka saba. Na Waingereza walipiga kelele! Walimtungia jina la mwizi wa maziwa, likamfuata mpaka kaburini. Hilo nalo tulishike.

Sasa turudi nyumbani. KCC ilianzishwa 1925 na walowezi Wazungu, na kwa miaka mingi mfugaji Mwafrika hakuwa na mahali ndani yake. Ng'ombe wa gredi walianza kuingia kwa wingi kwenye maboma ya Waafrika baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, na baada ya uhuru wafugaji wadogo wa Mkoa wa Kati na Bonde la Ufa ndio wakawa uti wa mgongo wa maziwa ya nchi. Kwa hiyo mwaka 1979 Moi alikuwa na mambo matatu mkononi. Alikuwa na ushirika mkubwa wenye wakulima wengi wanaopiga kura. Alikuwa na kiti kipya ambacho wakubwa wengi wa enzi ya Kenyatta walidhani hatakikalia kwa muda mrefu. Na alikuwa na watoto, watoto wengi ghafla, kwa sababu karo zilizokuwa zimebaki katika shule za msingi ziliondolewa. Wanafunzi waliruka kutoka karibu milioni 3 mwaka 1978 hadi karibu milioni 3.7 mwaka 1979. Mwaka mmoja! Moi mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya siasa. Alijua darasa lenye watoto wenye njaa linafananaje saa tano asubuhi.

Mtu akiniambia ilikuwa siasa, nitakubali. Akiniambia ilikuwa huruma ya mwalimu, sitabisha. Sioni kwa nini lazima nichague.

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi huko Magharibi kuanzia miaka ya themanini hadi alipostaafu, na ndiye aliyeweka kitabu cha maziwa. Nilimtembelea na kinasa sauti changu, akaniangalia kama mtu anayeulizwa habari za kuku. "Sasa mwanangu, hayo nayo ni habari?" Lakini alipoanza hakunyamaza kwa saa mbili.

Lori lilikuja siku inayojulikana, alisema. Watoto wakubwa wa darasa la saba, na baadaye la nane mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, ndio waliobeba makatoni hadi ofisini. Alihesabu. Waliohudhuria ni wangapi, paketi ngapi, zilizopasuka ngapi. Kisha watoto walipanga foleni na kila mmoja alikunywa pale pale mbele ya mwalimu. Sheria ilikuwa hiyo: unywe hapa, usiende nayo nyumbani. Na kila wiki kuna aliyejaribu kuificha paketi ndani ya sweta ampelekee mdogo wake ambaye hajaanza shule.

"Ulikuwa unawakamata?"

"Wengine."

Nilimuuliza kuhusu paketi zilizobaki, kwa sababu siku yoyote kuna watoto wasiokuja. Akacheka. Zilienda kwa wale ambao yeye alijua kwao hakuna kitu. Hakuziandika hivyo kitabuni. Nikamweleza habari za walimu wa Lanarkshire na Bwana Gosset wa kiwanda cha bia, akasema mwalimu ni mwalimu hata akiwa Mzungu.

Rejista ilijaa siku za maziwa, alisema pia. Hakuwa anahitaji takwimu kuliona hilo. Mtoto aliyekuwa akibakizwa nyumbani kuchunga alionekana siku hizo mbili. Wapo waliotapika na wapo walioumwa tumbo, hasa mwanzoni, kwa sababu kwao maziwa yalikuwa kitu cha kutia chai na si cha kunywa kikombe kizima. (Sayansi imekuja kueleza sehemu ya hilo. Utafiti uliochapishwa 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff, ulipima watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, na kuonyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa ulijitokeza upya katika jamii za wafugaji huku kwetu, kwa badiliko la jeni tofauti na lile la Wazungu. Mililita 200 kwa mtoto kwa kawaida hazina shida, lakini si kila tumbo lilizaliwa kwenye zizi.) Paketi tupu zilioshwa na kupandwa miche ya miti. Hakuna kilichotupwa.

Na waliimba. Hilo Shangazi alilisema bila kuulizwa na bila kutabasamu. Kabla ya maziwa, baada ya maziwa, siku ya wazazi, siku mkuu wa wilaya alipopita: nyimbo za kumshukuru Baba. Watoto walijua maziwa yanatoka kwa Rais kama vile mvua inavyotoka kwa Mungu. Hakuna aliyewaambia kwamba yametoka kwa ng'ombe wa mkulima wa Kiambu au Nandi, na kulipiwa na kodi ambayo baba zao walilipa kila waliponunua sukari na sabuni.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha mambo, na nitasema wazi: kosa kubwa la Maziwa ya Nyayo halikuwa kwenye maziwa. Lilikuwa kwenye jina.

Lakini kabla sijafika huko, kuna swali ambalo mwandishi mzuri hawezi kulikwepa. Je, yaliwasaidia watoto kukua?

Tuanze na hesabu rahisi. Mtoto wa Kiingereza wa miaka ya 1950 alipata karibu mililita 190 kila siku ya shule, yaani karibu lita moja kwa wiki. Mtoto wa Kenya alipata mililita 400 kwa wiki, lori likifika. Kila paketi ilikuwa na gramu 6 au 7 za protini bora, kalsiamu ya kutosha, na karibu nusu ya vitamini B12 ambayo mtoto wa umri huo anahitaji kwa siku. Si kidogo kwa mtoto aliyekuja shule na chai ya rangi. Lakini ni siku mbili kati ya saba.

Jibu zuri zaidi tulilonalo kuhusu watoto wa Kenya lilikuja wakati Maziwa ya Nyayo yenyewe yakiwa yanakata roho. Kati ya 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzao wa Kenya, walifanya kazi katika shule 12 za msingi huko Embu. Watoto wapatao 500 na ushee. Chakula chao kilikuwa kile tunachokijua sote: githeri, mahindi na maharagwe. Shule ziligawanywa makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na kikombe cha maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu yake ilingane na hizo nyingine. La nne halikupewa kitu shuleni, ila mwisho wa utafiti kila familia ya kundi hilo ilipewa mbuzi wa maziwa. (Kama mtu ataniuliza mimi, bora mbuzi.)

Matokeo yaliyochapishwa 2003 hayakumpendeza kila mtu. Kwenye mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro, watoto wa nyama waliwaacha wengine wote. Kwenye hesabu, wa nyama na wa mafuta waliwashinda wale ambao hawakupewa kitu. Watoto wa nyama walijaza misuli zaidi. Na maziwa? Yaliongeza kimo, lakini si kwa wote. Yaliwafaa watoto wadogo zaidi na wale waliokuwa wamedumaa tangu mwanzo. Kwenye ule mtihani wa michoro hayakufua dafu. Kuhusu vitamini B12, ambayo zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na upungufu wake wa kiwango kimoja au kingine, nyama na maziwa vyote vilisaidia sana, ilhali githeri na mafuta havikusaidia, maana B12 haipatikani kwenye mimea.

Maana yake nini? Kwamba Maziwa ya Nyayo yaliziba pengo la kweli, lakini kwa kijiko kidogo. Na tuongeze jambo ambalo watu wa lishe hulirudia mpaka wanachoka: udumavu mwingi hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, miaka mingi kabla ya kuvaa sare ya shule. Nchini Kenya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 35 katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008/09, na asilimia 18 katika ule wa 2022. Hiyo ni habari njema kubwa, na maziwa ya shule hayana mkono ndani yake. Mlo wa shule una kazi nyingine. Unamleta mtoto, unamweka macho wazi mpaka saa nane, unampa damu na misuli katika miaka anayoendelea kujijenga. Mtoto ambaye Shangazi alimwona siku mbili kwa wiki alijifunza kitu siku hizo mbili. Kwa macho yangu hilo linatosha kuwa sababu ya kulipia maziwa.

Basi yalikufaje?

Polepole, na bila tanzia. Ukame wa 1984 ulikausha ng'ombe na kulifanya taifa kula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wanafunzi walizidi kuongezeka, na mwaka wa nane ukaongezwa juu. Mwisho wa miaka ya themanini ikaja sera ya kugawana gharama, na karo zilizofukuzwa kwa mlango wa mbele zikarudi kwa dirisha zikiitwa ada ya ujenzi, ya shughuli, ya madawati. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada wakidai mageuzi. Kisha Goldenberg ikachota mabilioni ya hazina kwa jina la dhahabu ambayo hapakuwa nayo. Mwaka 1992 biashara ya maziwa ilifunguliwa, ukiritimba wa KCC mijini ukaisha, na ushirika ambao ulikuwa umezoea kuamriwa ukajikuta sokoni ukiwa na madeni na viongozi wa kuteuliwa kisiasa. Wakulima walikaa miezi bila kulipwa. Mwisho wa muongo KCC ilikuwa hoi, ikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2000, na serikali mpya ya Mwai Kibaki ikaichukua tena 2003 kwa jina la New KCC.

Katikati ya zogo hilo paketi za pembe tatu zilipungua. Mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, mara moja ikawa muhula kwa muhula, kisha basi. Uandikishaji wa shule za msingi, ambao mwishoni mwa miaka ya themanini ulikuwa umepita asilimia 100 kwa sababu ya wanafunzi waliozidi umri, ulishuka chini ya 90 mwishoni mwa miaka ya tisini. Siwezi kuyatwika maziwa mzigo wote huo, karo ndiyo iliyowafukuza wengi. Lakini vyote viwili viliondoka nyumba moja wakati mmoja.

Sasa mkumbukeni Thatcher. Waingereza waliponyang'anywa theluthi ya painti walipata jina la kumwita aliyeinyang'anya. Sisi hatukuwa na jina la kumwita mtu. Tungemwita nani? Kitu kilikuwa zawadi ya Baba, na zawadi haidaiwi. Ukinipa shati leo na kesho usinipe, nitakushtaki wapi? Hapakuwa na sheria ya Bunge nyuma ya maziwa yale, palikuwa na tangazo. Tangazo halina kifungu cha kusimamia. Mzazi wa 1996 aliyethubutu kuuliza kwa sauti maziwa yako wapi angeonekana mtovu wa shukrani, na miaka hiyo utovu wa shukrani ulikuwa karibu na uhaini.

Huku nyuma kulikuwa na mlo mwingine ambao haukuimbiwa na mtu. Tangu 1980 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likilisha shule za maeneo kame, Turkana, Garissa, Mandera na kwingineko, kwa chakula cha msaada. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchukua shule hizo kidogo kidogo na kuwapa pesa wanunue chakula kilicholimwa nchini, na 2018 shirika hilo lilikabidhi shule za mwisho. Miaka karibu arobaini, bila wimbo. Sahani yenyewe ilipangwa hivi kwa kila mtoto: nafaka gramu 150, maharagwe gramu 40, mafuta gramu 5, chumvi kidogo. Someni tena orodha hiyo, kisha mrudi Embu. Ni githeri yenye mafuta. Ni lile kundi la tatu, ambalo lilishiba na kufanya hesabu vizuri lakini B12 haikupanda. Tulilipata jibu kwa gharama kubwa, kwenye shule zetu, kwa watoto wetu, na tukaendelea kupakua githeri.

Nairobi nako, tangu 2023, watoto wa shule za umma wanakula chakula cha mchana kinachopikwa kwenye majiko makubwa ya kaunti, mzazi analipa shilingi 5 na mtoto anagusisha bangili mkononi kwenye mashine. Nimeenda kuangalia. Wali na maharagwe, moto, kingi. Watoto wanakula kimya, na huo kwa kawaida ni ushahidi tosha. Mpango ule unaitwa Dishi na Kaunti, na wanasiasa hawajakosa kupiga picha wakiwa na mwiko, lakini angalau jina si la mtu. Na kitu kimoja kimebadilika ambacho Shangazi hakuwa nacho kwenye kitabu chake cha maziwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Haki. Hiyo inadaiwa. Sijaona bado mzazi aliyeipeleka mahakamani kwa ajili ya sahani ya mchana, lakini nitakuwa pale na kinasa sauti changu siku hiyo.

Kabla sijaondoka kwa Shangazi nilimuuliza ni siku gani walijua kwamba Maziwa ya Nyayo yamekwisha. Kama kulikuwa na barua, waraka, mkaguzi aliyekuja kuwaeleza.

Alifikiri kidogo. Hapana, alisema. Lori halikuja Jumanne. Ilikuwa imenyesha, kwa hiyo wakadhani limekwama kwenye matope kule chini ya mlima. Alhamisi nayo halikuja. Wiki iliyofuata watoto wa darasa la kwanza bado walipanga foleni mbele ya ofisi, kwa mazoea, na yeye akatoka na kitabu chake, akawahesabu.